Kubadilisha ATF ya pikapu nyumbani: kumwaga ni rahisi, kupima ndiko kunaua giaboksi

Mkuu, nimekuelewa. Umenunua pikapu ya otomatiki mkononi, imeshatembea kama kilomita laki moja na themanini elfu, ukachomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi ukakuta oili yenyewe, yaani ATF, imekuwa nyeusi. Fundi mmoja kakwambia usiiguse, ukibadilisha itakufa. Mwingine anataka aisafishe kwa mashine ya presha. Wewe unauliza kama unaweza kuifanya mwenyewe uani kwako.

Unaweza. Nipo Mwanga hapa Kigoma, nina Hilux dabo kebini ya 2001, petroli 2.7, otomatiki ya gia nne, na kazi hiyo nimeshaifanya mara nne nikiwa nimelala kwenye mkeka. Nilianza kuifanya mwenyewe baada ya fundi kutaka kuniulia giaboksi, na ngoja nianze na hapo maana ndipo penye somo lote.

Fundi alimwaga vizuri, akaweka ATF sahihi, hakukosea chochote mpaka kwenye kupima. Injini ikiwa imezimwa akachomoa stiki, akaifuta na tambala, akachomeka, akachomoa, oili ikaonekana imefika kwenye alama ya juu. Tukapeana mikono. Siku ya tatu nimepakia mifuko ya saruji naelekea Manyovu. Kufika kwenye milima gari ikaanza kunguruma, mshale wa mizunguko unapanda, lakini mwendo hakuna, kama kuna mtu ameishika nyuma kwa kamba. Nikaweka pembeni. Harufu ya kuungua ilikuwa inatoka chini. Nikaiacha injini ikiwaka, gia ipo P, nikachomoa stiki: kavu. Nikamtuma kijana wa bodaboda arudi Mwandiga kuniletea ATF, na ililamba karibu lita moja na nusu ndipo ikafika kwenye alama.

Sababu yake ni hii. ATF haikai yote kwenye sampo, lile bakuli la chini ya giaboksi. Sehemu kubwa ipo ndani ya toki konveta (ngoma iliyo kati ya injini na giaboksi), kwenye vijia vya giaboksi na kwenye mabomba yanayokwenda kupozwa kwenye rejeta. Ukizima injini, nyingine inashuka taratibu kwenye sampo, kwa hiyo stiki inakudanganya kwamba imejaa. Ukiwasha, pampu inaivuta kurudi juu, sampo inabaki na kidogo, na mlimani hicho kidogo kinakimbilia nyuma pampu inanyonya hewa. Presha ikishuka, klachi za ndani zinateleza badala ya kung'ata, na zikiteleza zinaungua. Oili ya injini unapima imezimwa. ATF ya gari kama hii unapima injini inawaka na giaboksi imeshapata moto. Mafundi wengi wazuri kabisa wa injini wanachanganya hapo.

Sasa kazi yenyewe. Zungusha gari kama dakika kumi ili oili ipate uvuguvugu, isiwe ya moto wa kuchoma, kisha egesha pahala tambarare. Hilux ipo juu, mimi sihitaji jeki. Naweka mawe kwenye matairi, breki ya mkono, naingia. Ya kwako ikiwa chini, tumia stendi. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama unataka tu kuchungulia.

Hakikisha unafungua boliti sahihi. Usicheke, kuna jamaa yangu Gungu alimwaga oili ya injini akidhani ni ya giaboksi, kisha akaongeza ATF juu ya ATF iliyokuwepo. Sampo ya giaboksi ni lile bakuli pana la bati lililoko katikati ya gari, nyuma ya injini, limezungukwa na boliti ndogo ndogo za spana namba 10. Kwenye gari ya kuvuta miguu yote, nyuma yake kuna boksi jingine dogo lenye nati zake, hilo lina oili yake peke yake, liache. Kabla ya kufungua, angalia pia kama shimo la stiki liko wazi na utaweza kujazia, maana ndilo hilo hilo unalotumia kurudishia.

Mwagia kwenye beseni safi. Hapa ndipo nina utaratibu wangu na sitauacha: naimimina ile chafu kwenye chupa tupu za maji za lita moja na nusu, naziacha zipoe, kisha napanga chupa hizo ukutani. Kwangu nati ya kumwagia iliyo chini ya sampo ikifunguliwa inatoka chupa moja na theluthi ya pili, yaani kama lita mbili tu. Nikishusha sampo inaongezeka kidogo. Hicho kilichotoka ndicho ninachorudisha kwanza, kipimo kwa kipimo, kwenye chupa zinazofanana na zile. Hata kabla ya kugusa stiki nakuwa najua nipo karibu. Ila hii inafaa kama kiwango kilikuwa sahihi kabla hujaanza, kwa hiyo pima siku moja kabla. Na subiri zipoe kweli, maana oili ya moto inavimba na itakudanganya.

Neno moja kwa sisi wa Kigoma: usipimie kwenye dumu la mawese. Nililiosha kwa sabuni na maji ya moto, likakauka juani siku nzima, nilipomimina ATF mpya nikaona macho ya mafuta yanaelea juu. Lita nzima nikaitupa. Na mama watoto naye aliikuta chupa ya ATF mpya jikoni, nyekundu inang'aa, akaanza kuinusa. Weka mbali.

Kushusha sampo sio lazima mara ya kwanza, lakini mimi ningeshusha, kwa sababu gari umeinunua mkononi na ndani ya sampo ndipo penye historia yake. Kuna sumaku ndogo zimekaa chini. Ukikuta zimejaa uji wa kijivu, laini kama masizi yaliyochanganywa na mafuta, usiogope, huo ni uchakavu wa kawaida. Futa, rudisha sumaku palepale. Ukikuta vipande vinavyokwaruza kidole, au vijipande vyeusi kama maganda ya klachi, hapo oili mpya haitakusaidia, anza kutafuta fundi wa giaboksi na uandae hela. Chujio lipo juu ya sampo, badilisha ukilipata dukani. Pembeni yake kuna mirija imesukumiwa tu kwenye matundu yake, usiitingishe.

Kurudisha sampo, kwangua silikoni ya zamani yote, paka mpya uzi mwembamba. Ukijaza silikoni itabanwa kwenda ndani, itakatika, na itakwenda kuziba chujio ulilonunua juzi. Boliti kaza kwa mkono mwepesi, kwa kuruka ruka pande zote. Giaboksi ni aluminiamu. Mtu aliyezoea kukaza nati za tairi atakula uzi wa hapo kwa mkupuo mmoja.

Jaza kwa faneli yenye mpira mrefu kwenye shimo la stiki. Washa, kanyaga breki, pitisha gia taratibu kutoka P mpaka ya mwisho na kurudi, kila moja sekunde chache. Kisha endesha kama nusu saa. Mimi naenda mpaka Ujiji, nazunguka, narudi, hapo imepata moto wa kupimika. Egesha tambarare, injini inawaka, gia P, chomoa stiki, ifute, ichomeke mpaka mwisho, ichomoe. Isome upande wa alama ya oili ikiwa ya moto, sio ule wa baridi. Ikipungua ongeza kidogo kidogo, kikombe cha chai kwa mara moja, kwa sababu kuongeza ni sekunde na kupunguza ni kulala tena chini. Kujaza kupita kiasi nako ni balaa: vyuma vinavyozunguka vinaipiga oili mpaka inatoa povu, na povu halina presha, unarudi kulekule kwenye kuteleza.

Sasa hesabu. Tuseme giaboksi yako na konveta vinabeba lita nane, na umebadilisha mbili. Umepata robo mpya, robo tatu ni ile ile ya zamani. Ukirudia baada ya wiki mbili unafika kama asilimia 44, mara ya tatu 58, ya nne 68. Ndiyo maana sikushtuka stiki ilipobaki ya kahawia baada ya mara ya kwanza, na ndiyo maana nilirudia. Wapo wanaochomoa bomba la rejeta na kuiacha pampu iitoe yote. Inafanya kazi, lakini unahitaji mtu wa pili wa kuzima injini kila lita moja na kujazia, na akizubaa pampu inazunguka kavu. Mimi nikiwa na kijana wa darasa la sita kama msaidizi, nilichagua njia ya pole pole.

Huyo aliyekwambia itakufa ukiibadilisha, hajakosea moja kwa moja. Giaboksi ambayo klachi zake zimeshalika inasemekana huwa inashikilia kwa msaada wa vumbi la klachi lililomo kwenye oili ile ile chafu. Ukiweka safi, inateleza, na lawama inakuja kwa oili. Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, jaribu: weka D, je, inashika mara moja au inafikiria kwanza? Gia zinaingia kwa kishindo? Mlimani mizunguko inapanda bila mwendo? Ikiwa inateleza na kiwango cha oili ni sahihi, uamuzi ni mgumu na mimi siwezi kukuamulia nikiwa mbali. Ikiwa inaingia vizuri, badilisha kidogo kidogo. Mashine ya presha kwa gari ambayo huijui ilikotoka, mimi nasema hapana, inaamsha uchafu uliokuwa umelala.

Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia angavu, endelea. Kahawia iliyokolea na harufu ya kuungua, shusha sampo uangalie. Ikiwa ya waridi yenye ukungu kama maziwa, usiendeshe tena hata mita mia: maji ya rejeta yameingia kwenye ATF, na kubadilisha oili bila kutengeneza rejeta ni kumwaga hela.

Aina ya ATF soma kwenye kitabu cha gari au kwenye stiki yenyewe. Ya kwangu ni Dexron II au III. Nyingine zinataka T-IV, nyingine WS, na hazibadilishani hata kama rangi zinafanana. Usikubali kuuziwa iliyofunguliwa kwenye pipa. Na kama pikapu ni ya miaka ya karibuni isiyo na stiki kabisa, inapimwa kwa nati ya pembeni oili ikiwa kwenye nyuzi joto maalumu, hiyo mpelekee mwenye kompyuta ya kusomea.

Ile chafu usimwage mtaroni, yote inaishia ziwani. Mimi jirani yangu huwa anaichukua kupaka nguzo za banda lake kwa ajili ya mchwa. Usiku wa kwanza baada ya kuifanya kazi hii mwenyewe nilitandika boksi la katoni chini ya giaboksi, asubuhi saa kumi na mbili nipo chini na tochi. Tone moja, kwenye kona ya nyuma. Nikakaza boliti mbili robo mzunguko, nikabadilisha boksi, kesho yake lilikuwa kavu.