Waini imenikausha ulimi, niimwage?

SWALI: Dada habari ya kazi. Juzi wife kapata promosheni nikasema tusherehekee, nikanunua waini nyekundu ya Stellenbosch, Afrika Kusini, lebo inasema Cabernet Sauvignon, Merlot na Pinotage, 2023. Kuonja tu ulimi ukakauka kama nimekula bibo bichi, harufu nayo ya kiberiti. Tukanywa soda. Kesho yake nikaonja ile iliyobaki kwenye chupa, naikuta laini kabisa. Imeharibika au? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Kaka, haijaharibika, na mpe wifi hongera zangu. Hiyo waini bado changa, ndo shida yenyewe. 2023 ni mwaka zabibu zilipovunwa, hayo majina kwenye lebo ni aina za zabibu, na Cabernet ina ganda nene, sasa kwenye maganda na mbegu ndo kuna tanini, hiyohiyo inayokukausha mdomo ukinywa chai ya rangi iliyokaa sana jikoni, inashikana na mate ukakasi unabaki. Merlot wanaiweka ili ilainishe. Pinotage ni mtoto wa hukohuko, Profesa Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu za Pinot Noir na Cinsaut, na mimi naipenda sana kwa kale kamoshi kake.

Kilichotokea ni kwamba ulipomimina glasi zenu hewa ikaingia kwenye chupa, ikafanya kazi usiku kucha. Hewa inaondoa kile kiberiti, matunda yanajitokeza, na yakijitokeza ule ukakasi hausumbui tena.

Sasa next time usisubiri kesho, mimina chupa nzima kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana, na imimine kwa nguvu itoe povu, usiionee huruma. Watu wengi wanatoa kizibo tu wanaiacha mezani eti inapumua, shingo ya chupa upana wake kama sarafu, hewa itapita wapi?

Mchanganyiko kama huo mimi niliumimina saa kumi na mbili jioni. Dakika 20, kiberiti kimeisha ila waini bado ngumu, inabana fizi. Saa moja na kidogo nikaanza kusikia zambarau zilizoiva zile za kuacha ulimi rangi, na kahawa kwa mbali. Saa mbili na nusu mbuzi choma imefika mezani, na mafuta ya nyama yalivyokutana na ile tanini, kaka, hapo ndo nilielewa walichokuwa wanatengeneza.

Joto la Dar nalo uliangalie, waini ya nyuzi 30 inapanda puani spiriti tupu. Weka jagi kwenye friji mpaka ipoe, ukipata nyuzi 16 mpaka 18 inatosha.

Ila waini ya miaka 20 usiifanyie hivi, inaweza kuchuja ukiiangalia. Na ukisikia harufu ya boksi lililoloa likaota ukungu hiyo hata uipe hewa siku tatu haitoki, ni kizibo ndo kimeiharibu, irudishe dukani na risiti yako.