Siku ya Sita Baada ya Kutoa Kidole Tumbo

Wadogo zangu mlioanza zamu katika wodi ya upasuaji, wiki hii nimefungua mafaili matatu ya wagonjwa waliotolewa kidole tumbo, na katika yote matatu taarifa ya raundi ya asubuhi ni maneno mawili tu: "Anaendelea vizuri." Mmoja wa hao alikuwa na mapigo ya moyo 124 kwa dakika, na muuguzi alikuwa ameiandika tarakimu hiyo kwenye chati iliyoning'inia miguuni pa kitanda, hatua moja kutoka aliposimama mwandishi wa maneno hayo. Sikugomba, kwa kuwa uandishi wa namna ile niliwahi kuwa nao mwenyewe.

1. Kidonda kifunuliwe. Usaha wa kwenye mshono kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya nne na ya kumi, na dalili yake ya mapema ni maumivu yanayozidi wakati yalipaswa kupungua. Kidonda kikiwa chekundu, kina joto na kinabonyea, toeni nyuzi, usaha utoke, kisafisheni kwa maji ya chumvi na mkiache wazi. Antibiotiki peke yake haimalizi usaha uliofungiwa, na bado kila mwaka namkuta mtu aliyebadilisha dawa mara tatu kwa kuuonea haya mshono alioushona mwenyewe. Yule mwenye mapigo 124 tatizo lake lilikuwa hilo, na alikuwa amelifunika kwa bandeji safi kabisa.

2. Katika saa 24 za mwanzo ogopeni damu inayovujia ndani ya tumbo. Kwa kijana, mapigo huenda mbio muda mrefu kabla presha haijashuka, na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, iliyopimwa mapema hudanganya.

3. Kuhara. Hapa naomba mnivumilie. Nilikuwa na miezi miwili tu kazini, na mgonjwa wangu alikuwa kijana ambaye kidole tumbo chake kilikuwa kimeshapasuka tulipomfungua. Siku ya nne alikuwa anakula na kututania. Siku ya sita jioni akapata homa, akaanza kwenda chooni kila mara na kutoa choo kidogo kidogo chenye ute, huku mkojo nao ukimbana mara kwa mara. Nikaandika kwamba ana maambukizi ya utumbo, nikampa chumvi ya kuongeza maji mwilini na, Mungu anisamehe, dawa ya kuzuia kuhara. Muuguzi wa usiku aliniambia mara mbili kwamba kuhara kule hakumpendezi, nami nikamjibu kwa mhadhara mzima kuhusu antibiotiki zinavyovuruga utumbo, mhadhara ambao kwa bahati mbaya haukuwa na kosa hata moja, isipokuwa kwamba haukumhusu mgonjwa yule. Nilimbonyeza tumbo, nikalikuta laini, nikafurahi. Sikukumbuka kwamba usaha uliotuama chini kabisa ndani ya fupanyonga, kati ya kibofu na njia ya haja kubwa, unaweza kuliacha tumbo la juu likiwa shwari huku ukiusumbua utumbo na kibofu vilivyo jirani nao. Kipimo cha kidole kwenye njia ya haja kubwa sikukifanya, kwa sababu yeye aliona haya na mimi niliona haya zaidi, na nafasi yake katika faili nikaiacha wazi kwa siku mbili. Siku ya nane akatetemeka kwa baridi hadi kitanda kikalia. Bingwa wetu akaja, akavaa glovu, akapima, akakuta uvimbe laini wenye maumivu upande wa mbele, kisha akanikabidhi boksi la glovu bila kusema neno. Ultrasaundi ikathibitisha, na usiku ule usaha ukatolewa kupitia njia hiyo hiyo niliyoiogopa. Kijana alipona. Siku ya kuruhusiwa mama yake alinishukuru kwa kuwa nilikuwa nakwenda kumwona mwanawe mara nyingi, na ni kweli nilikuwa nakwenda, nikisimama pale pale miguuni pa kitanda.

4. Tumbo kujaa gesi siku za kwanza ni jambo la kawaida, hasa kama kulikuwa na usaha ndani. Mgonjwa ambaye utumbo wake ulikwisha kuamka, kisha akaanza kutapika upya na kupata maumivu ya kukata na kuachia, ana kizuizi cha utumbo au ana jipu ndani ya tumbo hadi ithibitike vinginevyo: asile, awekewe mpira wa kupita puani hadi tumboni, na dripu, potasiamu ipimwe, na mkubwa wenu aitwe kabla ya saa ya chai.

5. Macho ya njano pamoja na kutetemeka ni nadra, lakini huenda maambukizi yamefika kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ini. Hiyo si ya kusubiri raundi.

6. Siku hizi wengi huruhusiwa siku ya pili, maana yake siku ya sita huwakuta nyumbani. Msimwambie mtu "ukiona tatizo rudi", kwa kuwa hajui tatizo ni lipi. Mtajieni homa, usaha, kutapika, tumbo kuvimba, na choo cha ute kinachomsumbua kila mara, na hicho cha mwisho mkitaje hata kama mama mkwe wake amekaa pembeni.