Usiuze shamba kwa ajili ya sindano hiyo

Pole sana, dada. Umesema kaka yako aliumia kichwa kwenye ajali ya pikipiki miezi 8 iliyopita, jicho la kushoto halioni, na kliniki fulani inataka mamilioni kwa sindano ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) itakayootesha upya mshipa wa fahamu wa jicho. Nakuomba usiuze shamba.

Mshipa huo una nyuzi takriban milioni 1, kila moja na mahali pake kwenye ubongo. Miaka ya 1940 mwanasayansi Roger Sperry aliukata kwa chura. Nyuzi zikaota na kurudi sehemu zilezile za ubongo, hata jicho lilipogeuzwa juu chini. Baadaye zikajulikana protini zinazozielekeza, kama efrini. Kwa panya, watafiti wameweza kuziotesha, ila nyingi hupotea njia. Kwa binadamu hakuna tiba iliyothibitishwa bado.

Mpeleke kwa daktari bingwa wa macho, apimwe macho yote mawili. Kazini avae miwani ya kinga, maana amebakiwa na jicho moja tu. Hilo likififia ghafla au likiuma, muwahishe hospitali siku hiyohiyo.