Niliacha nyama, sukari ikapanda: kwa mleta mada mwenye mzee wa kisukari

Mleta mada, pole kwa mzee. Umesema baba ana miaka 58, yuko Mbagala, kapimwa asubuhi kabla ya kula kakutwa na sukari 13 (kwa kipimo cha mmol/L), wameshamwambia ni kisukari aina ya pili. Sasa shemeji yake kamshauri aachane na nyama, ale dona na mboga za majani tu, na vidonge atavisahau. Umeuliza kama kuna ukweli. Upo, ila ni nusu. Nusu iliyobaki mimi niliijua kwa kuumia, mwaka wa saba huu naishi na kisukari hapa hapa Dar, Tabata.

Nilianza kwa pupa. Nikaacha nyama ya ng'ombe, kuku, samaki, hadi dagaa. Asubuhi chapati mbili na maharage na chai, mchana ugali wa dona na mchicha, usiku wali na maharage ya nazi. Nilikuwa najisikia mtakatifu kabisa. Baada ya miezi mitatu nikapima HbA1c, kile kipimo kinachotoa wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Nilianzia asilimia 8.6, nikakuta 9.4. Nikamwomba kijana wa maabara aangalie vizuri, labda kachanganya majina. Hakuwa amechanganya.

Kwenye foleni ya kliniki nilizoea kukaa na mzee mmoja wa Kigujarati, mkazi wa Upanga. Nikamlalamikia kwamba nimejinyima nyama bure. Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana, mimi tangu nizaliwe sijala nyama, na nakaa foleni hii miaka kumi na mbili." Halafu akaniuliza swali moja tu: "Ugali wako mkubwa kiasi gani?"

Jioni nikasimama jikoni mama watoto anapakua. Ugali umefunika sahani, kausawazisha kwa mwiko uliolowa maji mpaka unang'aa. Mchicha umebanwa pembeni, vijiko vitatu hivi. Maharage kwenye kibakuli cha kuchovyea. Ndivyo tulivyokulia: ugali ndio chakula, vingine vyote ni mboga, na hata nyama tunaiita mboga. Ukiulizwa "leo mboga gani?" unajibu "nyama". Kwa hiyo mimi nilikuwa nimetoa mboga moja, nafasi yake nikaijaza chakula. Sukari isipande kwa nini?

Tukageuza sahani. Nusu nzima majani na jamaa zake: mchicha, matembele, majani ya maboga, mnafu, kabichi, bamia, nyanya chungu, chochote kilichopo sokoni siku hiyo. Robo ni maharage, kunde, choroko, mbaazi au dengu. Robo iliyobaki ndiyo ugali au wali, kiasi cha ngumi yangu. Wiki mbili za kwanza nililala na njaa, sikufichi, na tumbo lilijaa gesi. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji kabla ya kupika kulisaidia, na tumbo nalo lilizoea.

Mwambie mzee asije akadanganyika na neno "mboga". Muhogo, kiazi kitamu, magimbi, ndizi za kupika, vyote vimetoka shambani lakini kwa mwenye sukari vinakaa kundi la ugali. Ukila kiazi, ugali haupo. Na dona ni bora kuliko sembe kwa sababu haijakobolewa, nyuzinyuzi zake zimebaki, ila ukila mlima wa dona sukari itapanda vilevile.

Kilichonifanya niamini si maneno ya mtu, ni mashine ya kupimia. Stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, ni ghali, najua, ndiyo maana nilichagua siku. Nilipima kabla ya kula na saa mbili baada ya tonge la kwanza. Chapati mbili na chai yenye vijiko vitatu vya sukari: 7.8 ikaenda 14.2. Siku nyingine bakuli la choroko zisizo na nazi, kachumbari ya kutosha na nusu chapati: 7.6 ikaenda 9.5. Mtu yule yule, jiko lile lile. Vyakula vya jamii ya kunde vina wanga pia, lakini umefungwa na nyuzinyuzi na protini, unayeyuka taratibu, sukari inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Watafiti wameona hata kwamba ukila jamii ya kunde mlo huu, sukari ya mlo unaofuata nayo haipandi sana.

Kuhusu utafiti wa kutokula nyama kabisa, unaotajwa sana ni wa Neal Barnard na wenzake, Marekani, 2006. Walichukua watu 99 wenye aina hii ya pili, wakawafuatilia wiki 22. Kundi moja halikula kitu chochote cha mnyama na likapunguza sana mafuta, jingine likafuata mlo wa kawaida wa wagonjwa wa kisukari wa kule. Asilimia 43 ya kundi la kwanza walipunguziwa dawa, na asilimia 26 ya kundi la pili. Angalia mambo mawili hapo. Kundi lililokula nyama kwa mpangilio nalo lilipata nafuu. Na hao wa mboga waliambiwa wachague vyakula visivyopandisha sukari haraka na waachane na mafuta mengi. Chipsi kavu hazina nyama, vitumbua havina nyama, soda haina nyama. Hawakuwa wanakula hivyo.

Mafuta ndipo tunapojikwaa sisi watu wa Pwani. Kisamvu bila tui ni adhabu, nakubali. Lakini tui limejaa mafuta ya aina ile ile ya kwenye nyama nono, na mafuta yakirundikana kwenye ini na misuli, insulini, ile homoni inayoingiza sukari kwenye seli, inagonga mlango haufunguliwi. Siku hizi kisamvu changu kinaungwa kwa karanga za kusaga, vijiko viwili kwa sufuria nzima. Nazi ni ya sikukuu.

Sasa vidonge, na hapa shemeji anaweza kumuua mzee kwa nia njema. Mimi nilikuwa natumia metformini na glibenklamidi. Nilipokata ugali sikumwambia daktari, nikaendelea na dozi ile ile. Siku moja asubuhi niko kwenye daladala, tumekwama Buguruni, jasho jembamba likaanza kunitoka, mikono inatetemeka, naona maandishi ya basi la mbele yanacheza. Konda akadhani nimelewa. Mama mmoja aliyekaa pembeni akaniuliza, "Baba, una sukari?" Akafungua soda ya mwanawe akaninywesha. Nilipofika kazini nikapima, na hapo nimeshakunywa, bado ilikuwa chini, 3.6. Glibenklamidi inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama umekula kidogo. Daktari aliipunguza nusu, baadaye akaiondoa. Metformini nameza mpaka leo. Kwa hiyo mzee akibadilisha sahani, aende kwa daktari wiki hiyo hiyo, dawa ipunguzwe na mwenye kazi yake. Na mfukoni asikose sukari au pipi.

Jambo jingine lilinichukua muda kulijua. Mwaka wa tatu miguu ikaanza ganzi, nikajua ndiyo kisukari kimefika kwenye neva. Daktari mmoja makini akaagiza kipimo cha vitamini B12, ikawa chini sana. Vitamini hiyo mimea haina, na metformini ukiitumia muda mrefu inapunguza mwili kuifyonza. Nilikuwa nimejifungia milango yote miwili. Nilichomwa sindano kwa muda, ganzi ikapungua. Tangu hapo nakula yai, mtindi, na dagaa mara moja kwa wiki. Wenye msimamo mkali wataniambia si mla mboga tena. Sawa.

Na figo zipimwe kabla hajaanza kula maharage na majani kwa wingi. Figo zikiwa zimechoka, madini ya potasiamu yaliyomo kwenye vyakula hivyo yanaweza kuwa shida, huo ni mpango mwingine wa daktari.

Nje ya nyumbani si kugumu kama unavyodhani. Mama ntilie wangu Ilala ameshanizoea, ananipa maharage mara mbili, majani mara mbili na kipande cha ugali, bei ile ile, wateja wengine wananiona mwendawazimu. Msibani na harusini ndipo nashindwa. Pilau la msibani nakula, siku iliyofuata narudi kwenye mstari.

Maji ya bamia niliyanywa mwezi mzima, maana najua kuna mtu atayaleta humu. Mashine haikuona tofauti yoyote. Bamia zenyewe nazipenda, zinapikwa na nyanya chungu.

Mleta mada, hukusema mzee anatumia dawa gani. Angalia jina kwenye pakiti uandike hapa. Na kesho usimbadilishie kitu, mpime kabla ya chakula cha mchana na saa mbili baadaye, piga na picha ya sahani yenyewe. Tuanzie hapo.