Kugawa mchaichai wa ukingo wa bustani: Agosti au Novemba?

Novemba, ndugu. Agosti hapa Tabora udongo wa kichanga haushiki maji, na kipande kilichogawanywa kina mizizi michache: majani yanapoteza maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, kinakauka hata kabla hakijashika. Nauza miche Ipuli, na wateja wanaopanda kiangazi ndio wanaorudi kununua tena.

Mvua mbili tatu zikishalowesha ardhi, chimbua kichaka kizima, pasua kwa panga, chukua vipande vya pembeni vyenye machipukizi matatu hivi na mizizi myeupe. Katikati, pale palipokauka na kuwa pagumu, patupe tu. Punguza majani yabaki shubiri moja, panda kwa nafasi ya nusu mita au zaidi kidogo. Mchaichai unatanuka sana. Kama una kisima na utamwagilia kila jioni, unaweza kupanda hata sasa Agosti, ila tandaza nyasi kavu juu ya udongo.

Zile nyasi nyingine zenye mikia ya manyoya, kwenye picha ya bustani uliyotuma pamoja na swali lako, si mchaichai, ni habari nyingine: kata mikia kabla haijakomaa, maana mbegu zinapeperuka hadi shambani kwa jirani.