Una dawa kichwani halafu unataka blichi? Weka chini hilo bakuli

Hapana hapana hapana. Mdogo wangu weka chini hilo bakuli. Umesema dawa ya kunyoosha nywele umeweka mwezi uliopita, nywele zinafika mabegani, sendoff ya dada yako ni Jumamosi, poda ya blichi na devlopa ya 40 ya kuikorogea umeshanunua, unachouliza ni uache dakika ngapi ili utoke ile rangi ya asali.

Dakika sifuri. Hilo ndo jibu langu, na hao wanaokwambia "nusu saa tu shosti utatoka bomba" waweke picha za vichwa vyao kwanza tuvione.

Mimi yangu ilikuwa 2021, harusi ya kaka yangu. Nilikuwa na nywele bana, sisemi kwa kujisifu (najisifu), nimezilea miaka minne, dawa kila baada ya wiki nane, stimu, mafuta, usiku nalala na kitambaa, zikashuka zikafika kwenye kamba ya sidiria. Sasa ukiwa wifi si unajua, ukumbini bi harusi anaangaliwa dakika kumi halafu watu wote wanahamia kwa mawifi. Nikasema mimi hiyo siku lazima ning'ae. Nikang'aa kweli, ila tutafika huko.

Nikashuka Kariakoo Mtaa wa Kongo, Jumamosi ile ya kubanana, huku mkokoteni huku mtu na madera yake begani. Nikaingia duka moja la vipodozi, kijana kanipokea vizuri, dada karibu, dada kaa. Namwambia nataka blichi, nimeona watu wanatumia devlopa ya 20. Akaniangalia kichwani kama daktari. "Dada yangu nywele nyeusi hivi 20 haiwezi kitu, hiyo ni ya Wahindi. Beba 40 umalize kazi siku moja. Hii hata mtoto anatumia." Na Mungu ni shahidi yangu nilimuuliza, nilimuuliza kwa mdomo wangu huu, haina shida na nywele zenye dawa? Akacheka. "Dawa na dawa dada, si ndugu hao."

Ndugu!! Kaka, popote ulipo, nakuombea kila daladala unayopanda ukakae juu ya injini.

Kwa ambao hawajui, hizo namba ni nguvu ya peroksaidi iliyomo. 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, 40 ni asilimia 12. Yani ile "hata mtoto anatumia" ni mara mbili ya niliyokuwa nimeenda kununua, na mimi nikailipia na kusema asante.

Usiku nyumbani Tabata, binamu yangu ndo fundi, sifa yake ya kazi ni kwamba aliangalia video mbili. Video yenyewe ya dada mmoja wa Marekani, nywele zake za asili hazijawahi kuona dawa, kitu ambacho alikisema mwanzoni kabisa na sisi tuliruka mbele kwenda sehemu ya kupaka. Akasema pia kata kishungi ujaribu kwanza. Tukaruka na hapo. Binamu akakoroga uji wake kwenye bakuli la plastiki (walau hilo tulipatia, chuma hakitakiwi), akapaka kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha, kichwa kizima, halafu akanifunika na mfuko wa rambo ili "ipate joto". Mifuko yenyewe serikali ilishapiga marufuku tangu Juni 2019, sisi tulikuwa na akiba chini ya godoro. Hata serikali ilijaribu kuniokoa jamani.

Dakika kumi inawasha. Namwambia binamu inawasha, ananiambia mvumilivu hula mbivu. Dakika ishirini anafunua, kwenye mizizi pameshakuwa njano ya embe bolibo, katikati rangi ya chungwa, ncha bado nyekundu nyekundu kama kutu ya geti. Kumbe ndo inavyokuwa, nywele nyeusi haiendi kwenye njano kwa kuruka, inapita kwenye wekundu, halafu machungwa, halafu ndo njano, na pale karibu na ngozi inakimbia zaidi kwa sababu kichwa chenyewe kina joto. Sisi hatujui. Tukasema tuache ncha nazo zifike. Tukaongeza uji mwingine juu ya ule ule. Mfuko ukarudi.

Dakika hamsini na kitu nikagusa mfuko kwa nje, wa moto kama sufuria ya chai. Hapo nikaogopa, nikakimbilia bafuni nafungua bomba, bomba linatoa hewa. Pshhh. Maji yamekatika. Ndoo ina nusu. Na blichi haijui kama maji yamekatika, yenyewe inaendelea na kazi yake, binamu anagonga kwa jirani saa nne usiku anaomba maji kama nyumba inaungua, na kwa namna fulani ilikuwa inaungua.

Sasa nisikilize hapa mdogo wangu. Nilivyomwagiwa maji nikapitisha vidole, nikashika kishungi cha hapa juu ya sikio, nikakivuta kidogo tu kutoa ule uji. Kikaja. Hakikukatika, KIKAVUTIKA. Kama bigijii iliyotafunwa. Kikarefuka, kikawa chembamba, halafu kikaachia, taratibu, bila kuuma hata kidogo. Nimekishika mkononi nakiangalia, kinateleza kama tambi zilizopitiliza jikoni. Nikapitisha tena mkono, kikaja kingine. Binamu kasimama mlangoni na ndoo ya jirani hasemi kitu, na yule binti huwa hanyamazi hata msibani.

Asubuhi kulikuwa na visiwa. Huku zipo, huku hakuna, nyuma ya shingo vidonda, utosini kuna kashungi kamoja kanjano kamesimama peke yake kama bendera ya kata. Nikaenda zahanati, nesi akaniuliza nimemwagikiwa mafuta ya moto au chai. Nikasema chai. Nikapewa dawa ya kupaka, nikapita kwa kinyozi, mashine namba moja, elfu tatu. Miaka minne kwa elfu tatu. Narudi nyumbani mtoto wa dada yangu ananiamkia "shikamoo anko". Harusini nikavaa wigi, kati ya joto la ukumbi na vidonda vinavyopona nilicheza nyimbo mbili tu nikakaa, na ukiangalia picha mimi ndo yule aliyeshika kichwa kama anafikiria ada.

Baadaye nikaja kumpata mama mmoja ana saluni Sinza, miaka kibao yuko kwenye hiyo kazi, akanishika kichwa akauliza swali moja tu: ulikuwa na dawa? Akanieleza mpaka nikaelewa. Dawa ya kunyoosha nyingi ni sodiamu haidroksaidi, ndo ile ile kostiki soda ambayo wajasiriamali wanapikia sabuni, inanyoosha kwa kuvunja vile vifungo vya ndani vinavyoishikilia nywele. Na zile zilizoandikwa hazina kostiki usizifurahie, zinatumia kalisiamu lakini kazi ni ile ile, kuvunja. Kwahiyo nywele yenye dawa imenyooka kwa sababu imeshavunjwa nusu. Blichi nayo, wakati inatoa weusi, inavunja hivyo hivyo vifungo vilivyobaki. Akasema ni kama kanga uliyoifua mpaka ukiinua unaona mwanga upande wa pili, halafu hiyo ndo unailoweka kwenye jiki. Utaikamua nini?

Ndo maana nakwambia DAWA NA BLICHI HAVIKAI KICHWA KIMOJA. Sijali blichi ya bei gani, sijali imetoka Italia, sijali umeweka na mafuta ya nazi chini. Ukiniuliza kitu kingine chochote kuhusu nywele nitakujibu sijui, hiki nakijua.

Na kuna huyu hapo juu kasema "subiri wiki mbili baada ya dawa ziwe zimepumzika". Mkuu, nywele sio mlinzi wa zamu, hazipumziki. Nywele ikishatoka kwenye ngozi haijirekebishi, ilivyovunjwa na dawa leo ndo itakavyokuwa mwaka kesho mpaka uikate. Zinazotoka mpya ndo nzima, na hizo zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, wengine hata haifiki. Piga hesabu wiki mbili ni nini, ni nusu sentimita, ukizipaka hizo utakuwa na mstari wa njano kichwani kama barabara ya lami.

Eti mbona fulani ana dawa na ana blondi. Fulani ana wigi, mpenzi wangu. Au ana bahati, na bahati yake hukuinunua pamoja na hiyo poda.

Mimi sasa hivi niko nywele asili, na rangi nimeweka, ndiyo, usicheke, lakini ni kwa yule mama wa Sinza, ncha tu, devlopa ya 20, haikugusa ngozi, na hatukulazimisha, siku ya kwanza nilitoka na rangi ya maandazi nikakubali nikaenda nayo kazini. Alikata kishungi kwanza akakipaka akakaa anakiangalia kama chapati. Mimi machozi yananilenga.

Jumamosi wewe suka. Rasta namba 27 ndo hiyo hiyo asali unayoitaka, waambie wachanganye na 1B (ile nyeusi) kidogo isikae kama mahindi, kwa masaa sita umemaliza na kichwa chako bado ni chako. Uliuliza na kitu cha shampuu ya zambarau sijui, na rangi ipi inakaa na weusi wako, wengine watakujibu, mimi hapo nilishindwa kufika.

Na kama bado unanibishia, usikate hata kishungi. Chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo lako leo, funga na uzi, zitie kwenye huo uji wako wa 40, kaa nazo dakika arobaini. Mimi poda iliyobaki nilifanya hivyo, nilichelewa mwezi mmoja tu. Zisuuze, shika huku na huku, vuta. Halafu rudi hapa utuambie zimefanyaje.