Kusikilizwa na daktari ni kupimwa pia

Mama mwalimu wa Kadutu, umeuliza kama daktari aliyekusikiliza tu ukivuta "aaa" na kusoma ukurasa ameipima kweli sauti yako iliyokwaruza. Ndiyo, amekupima. Kuna kipimo cha sauti kinachofanywa kwa kusikiliza tu, kiitwacho GRBAS, kutoka Japani: daktari hutoa alama 0 hadi 3 kwa kila kimoja kati ya ukubwa wa tatizo, mkwaruzo, pumzi inayovuja, unyonge na kujikaza. Omba alama zako ziandikwe, ujirekodi kwa simu mahali patulivu, maneno yaleyale kila mara, ili mlinganishe baadaye.

Lakini sikio halioni nyuzi za sauti! Kama sauti imekwaruza zaidi ya wiki 4, daktari wa masikio, pua na koo akuangalie kwa kamera. Tafadhali usingoje likizo. Ukitema damu au kumeza kukiwa kugumu, nenda leo.